Utumbo Uliochelewa Kukua

Mapacha hunyonya ziwa moja na kula sufuria moja, lakini mmoja anaweza kuwa mzima huku mwenzake akivimba. Mbonyeze juu ya mguu kwa kidole gumba, kishimo kinabaki. Hiyo ni kwashakoo, na kwa miaka mingi sisi wataalamu tuliilaumu protini. Ikiwa kosa ni la protini tu, huyu mzima alinusurikaje?

Nchini Malawi, watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha hadi umri wa miaka mitatu. Katika asilimia 43 ya jozi hizo, utapiamlo ulimpata mmoja ukamwacha mwenzake. Wakachukua bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watoto, wakawapandikiza kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote, kisha wakawalisha chakula cha kijijini, mahindi kwa wingi. Panya waliopata bakteria wa mtoto mwenye kwashakoo walikonda vibaya kuliko waliopata wa pacha wake mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: lishe duni na bakteria wabaya walishirikiana kumwangusha mtoto.

Mwaka uliofuata, utafiti wa Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo nao wana umri. Mtoto anayenyonya ana kundi lake. Akianza uji na ndizi, wageni wanaingia na wa zamani wanapungua, kwa mpangilio unaojirudia kiasi kwamba kinyesi pekee kinaweza kukadiria mtoto ana miezi mingapi. Kwa watoto wenye utapiamlo mkali, makadirio yalirudi nyuma: utumbo ulikuwa mchanga kuliko mwenyewe. Hata wenye utapiamlo wa wastani walionyesha dalili hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Chakula dawa, yaani lishe ya kutibu utapiamlo mkali, kiliusogeza mbele utumbo wa watoto wenye utapiamlo huo, lakini kilipokoma ukarudi ulikokuwa. Mizani inaweza kusema mtoto amepona, utumbo wake ukakataa.

Simwambii mama akimbilie vidonge vya bakteria vinavyotangazwa madukani. Utepe wa kupima mkono kliniki bado ndio kipimo chake, na ukisoma chini ya sentimita 11.5 asingoje kesho.

Kilichonivutia zaidi ni jaribio jingine la Dhaka, lililochapishwa mwaka 2021, kwa watoto 123 wenye utapiamlo wa wastani. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza iliyozoeleka. Wengine mchanganyiko wa unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Viungo hivyo vilichaguliwa kwa ajili ya bakteria: wanga wa ndizi mbichi, kwa mfano, kwa sehemu kubwa haumeng'enywi kwenye utumbo mwembamba, hivyo hufika utumbo mpana ukiwa chakula chao. Mchanganyiko huo ulikuwa na nishati pungufu kwa takriban moja ya tano, ila walioula ndio walioongezeka uzito kwa kasi zaidi, na katika damu yao zikapanda protini zinazohusika na ukuaji wa mifupa na ubongo.