Stroberi huota ukungu kwa nini, na tufanyeje?

Mkulima wa Meru akichuma stroberi leo, kesho sokoni Arusha anaweza kukuta manyoya ya kijivu juu yake, na hasara ni yake. Ukungu huo, Botrytis, huingia tangu kwenye ua, kisha hulipuka tunda likipata unyevu au jeraha.

Moto huharibu tunda, hivyo wenzetu wenye mitambo hutumia mionzi ya UV-C, ozoni au hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi. Sisi tuanze na baridi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, shika kikonyo, usioshe, weka kivulini. Toa iliyooza, maana moja huambukiza kopo zima. Kwenye nyuzijoto 0 hudumu takriban wiki moja. Lakini kumbuka: baridi huchelewesha ukungu, haiuui.