Mgonjwa Naye Yuko Safarini

Tukizungumzia mhudumu wa afya anayehamahama, mara nyingi tunamfikiria yeye peke yake njiani. Amefunga begi, amepanda gari Lubumbashi, amesafiri kilomita zipatazo 300 hadi Kolwezi, na wagonjwa wametulia wakimngojea. Mutoshi haiko hivyo. Hapa, kwenye machimbo ya kobalti pembeni mwa mji wa Kolwezi, Kongo, msafiri mkubwa ni mgonjwa mwenyewe. Mchimbaji hufuata jiwe. Shimo likiisha, walinzi wakifunga njia, au bei ya kobalti ikianguka, anakunja turubai lake na kuondoka, na mke na watoto wanamfuata. Anayetaka kudumu katika kazi hii, na kuheshimika ndani yake, lazima ajue jambo moja kabla ya mengine yote: namna ya kutompoteza mtu anayehama.

Zamani ilikuwa tofauti. Machimbo haya, yaliyojulikana kwa jina la Ruwe wakati wa ukoloni, yalikuwa mali ya kampuni ya Union Minière, kisha Gécamines ya serikali. Kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, unga, shule ya watoto na hospitali, na kwa hayo ikamweka mahali pamoja. Muuguzi wa kampuni aliweza kumzalisha mama na baadaye akamzalisha binti yake. Gécamines ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango huo wote ulikwenda nayo. Sheria ya madini ya 2002 ikatambua uchimbaji wa mikono, na watu wakamiminika kutoka Kasai, Haut-Lomami na kwingineko.

Mutoshi yenyewe ilishuhudia jaribio la kuleta utulivu. Kuanzia 2018, kampuni ya madini ya Chemaf ilishirikiana na kampuni ya biashara ya Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa COMIAKOL. Eneo likazungushiwa uzio, wachimbaji wakaandikishwa na kupewa vifaa vya kujikinga, wanawake nao wakapata nafasi ya kufanya kazi. Korona ilipofika mwaka 2020, mradi ukasimamishwa. Maelfu waliokuwa nyuma ya lango moja, wenye majina kwenye orodha, wakabaki kutafuta riziki penginepo. Kwa mtu wa afya, pigo kubwa lilikuwa hilo la orodha, maana ndiko jina la mgonjwa linakoanzia kutafutwa.

Chukua kifua kikuu. Vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu na kumfungulia mlango mdudu wa ugonjwa huu, ndiyo maana wachimbaji duniani kote huugua kuliko wengine. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Lakini mgonjwa hupata nafuu mapema. Baada ya wiki chache kikohozi kimepungua, nguvu zimerudi, na habari zinasema kuna jiwe zuri mahali pengine. Anaondoka akiwa na dawa za siku chache mfukoni. Zikiisha, vijidudu vilivyobaki vinaweza kujifunza kuishinda dawa, na tiba ya kifua kikuu sugu ni ngumu kuliko ile ya kwanza.

Kumkaripia hakusaidii, njaa haingoji miezi 6. Kinachosaidia ni maswali ya siku ya kwanza. Muuguzi mzoefu haishii kwenye "unaumwa nini?" Anasema: "Papa, ulitoka wapi kabla ya hapa? Hili shimo likiisha mtaelekea wapi? Tukikukosa, tumuulize nani?" Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito. Simu ya mgonjwa huuzwa au hupotea. Ila mkubwa wa shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, anajua vijana wake wamekwenda wapi. Mama muuza bukari, yaani ugali, anajua pia, kwa sababu kuna waliomkopa. Majina hayo mawili yakiandikwa kando ya jina la mgonjwa, na karatasi ya uhamisho ikiandaliwa mapema, mgonjwa anaweza kuendelea na dawa katika kituo kingine bila kuanza upya.

Kwa watoto, kinachopotea ni kadi ya chanjo, na pamoja nayo chanjo yenyewe. Chanjo ya surua hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, wakati ambao familia ya mchimbaji inaweza kuwa imeshahama zaidi ya mara moja. Mlipuko ulioanza 2019 uliiletea Kongo visa zaidi ya 310,000 vilivyoshukiwa, na kufikia Januari 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Hapa mhudumu msafiri anakutana na uamuzi mgumu. Kichupa kina dozi kumi, na kikishachanganywa hakifai tena baada ya saa 6. Mama amefika na mtoto mmoja. Wapo wanaomwambia arudi siku ya kliniki, ili dozi tisa zisimwagwe. Mimi nasema fungua. Mama huyu kesho huenda yuko kwenye machimbo ya Fungurume, na dozi zilizomwagwa zinaweza kuombwa tena kutoka ofisi ya zoni ya afya.

Yapo manufaa mengine ya kuandika vizuri, na hayafikiriwi mara nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wamepima kwa miaka mingi madini yaliyomo miilini mwa wakazi wa ukanda huu. Mwaka 2018, wakiwa na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba hadi chini ya nyumba zao: kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo na damu ya wakazi, hasa watoto. Utafiti mwingine uliotoka 2020, juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za mwili, ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi ya madini. Haya yalijulikana kwa sababu kuna aliyeuliza kazi ya baba. Katika rejista nyingi za uzazi safu hiyo huachwa tupu. Ijaze kila mara, hata kama foleni ni ndefu.

Sasa kuhusu mfuko wako. Wauguzi wengi wa Kongo wanaishi kwa marupurupu na ada za wagonjwa, kwa sababu majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Posho ya kampeni za chanjo huwavuta, lakini kampeni huisha baada ya siku chache na posho huweza kuchelewa. Ichukue, usiipangie kodi ya nyumba. Hakikisha umeandikishwa katika chama cha kitaaluma cha wauguzi kilichoundwa kwa sheria ya 2016, omba cheti cha kila kazi kabla hujaondoka, na piga picha karatasi zako zote. Kisha chagua ujuzi mmoja adimu. Anayejua kuendesha mashine ya GeneXpert, inayotambua kifua kikuu na usugu wa rifampisini kwa muda wa kama saa mbili, hahitaji kubisha hodi nyingi. Vivyo hivyo aliyesomea afya ya kazini, katika mkoa ambao uhai wake ni migodi.

Unapofika, pita kwanza ofisi ya zoni, halafu kwa muuguzi mkuu wa kituo, halafu kwa chifu. Yule muuguzi mkuu atabaki na wagonjwa wako, na ukimruka leo hatapokea simu yako mwezi ujao. Unapoondoka, kaa naye nusu siku mkiwa na rejista mezani. Mwachie orodha ya wanaoendelea na dawa za kifua kikuu, kila mmoja yuko mwezi wa ngapi, na ya watoto watakaotimiza miezi 9 wewe ukiwa haupo, pamoja na majina ya wakubwa wa mashimo na namba zao. Nakala ya pili ipeleke ofisi ya zoni, maana huyo muuguzi mkuu naye anaweza kuhamishwa.