Mtandao wa Kikundi Ukikwama: Jinsi ya Kupata Msaada kwa Watu Msiowajua

Vikundi vingi vijijini siku hizi vina kompyuta. Pengine ni ile iliyotolewa na shule, au iliyonunuliwa kwa mchango wa wanachama. Kando yake kuna kisanduku kidogo chenye taa kinachoitwa rauta. Kisanduku hicho ndicho huleta intaneti bila waya kwa kompyuta na simu zilizo karibu. Katibu hutuma ripoti, mweka hazina huweka hesabu, wakulima hutazama bei za soko, nao watoto hufanya kazi ya shule.

Siku mtandao unapokwama, kazi yote husimama. Fundi yuko mjini, na nauli yake pamoja na malipo yaweza kumaliza akiba ya mwezi. Lakini iko njia nyingine. Kuna watu wengi duniani wanaojua mambo haya na ambao hujibu maswali ya wengine bure kupitia intaneti. Hamwajui, nao hawawajui ninyi. Mmoja yuko Nairobi, mwingine India, mwingine Ujerumani. Msaada wao ni wa kweli, lakini mlango huo huo hupitiwa pia na wezi. Kwa hiyo yafaa tujifunze mambo matatu: kutafuta shida iko wapi, kuuliza vizuri, na kujilinda.

KWANZA: FAHAMUNI SAFARI YA INTANETI

Fikirieni maji ya mfereji. Maji hutoka kwenye chemchemi, hupita katika bomba kubwa, huingia katika tangi la kijiji, halafu hufuata bomba dogo hadi kwa mfereji wa nyumbani. Mfereji ukikauka hatuanzi kwa kununua mwingine. Tunafuata bomba tuone maji yameishia wapi.

Intaneti ni vivyo hivyo. Kampuni ya mtandao ndiyo chemchemi. Laini ya simu iliyo ndani ya rauta, au waya wa faiba unaoingia nyumbani, ndiyo bomba kubwa. Rauta ndiyo tangi. Hewa iliyo kati ya rauta na kompyuta ndiyo bomba dogo, na kompyuta au simu ndiyo mfereji.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni lile bomba dogo tu. Alama ya Wi-Fi ikijaa kwenye simu, maana yake ni kwamba simu inaisikia rauta vizuri. Haisemi kama rauta yenyewe imepata kitu kutoka kwa kampuni. Tangi laweza kuwa tupu hata kama bomba la nyumbani ni zima kabisa.

PILI: PIMENI WENYEWE

Shida nyingi huisha katika hatua hizi, hata kabla ya kuuliza mtu. Fuateni moja baada ya nyingine na mwandike matokeo katika daftari.

1. Tazameni taa za rauta. Kama hakuna hata moja inayowaka, shida ni stima, soketi, waya au betri ya sola.

2. Angalieni salio. Kama rauta inatumia laini ya simu, huenda data mliyolipia imeisha au muda wake umepita.

3. Zimeni rauta, mwichomoe kwenye stima, mngoje nusu dakika, halafu mwiwashe. Ipeni dakika tatu hivi. Rauta ni kompyuta ndogo, na kama kompyuta yoyote hukwama ikifanya kazi mchana na usiku. Lakini tahadhari! Msibonyeze kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo linalohitaji sindano. Hicho hufuta mipango yote ya rauta, na shida moja itakuwa mbili.

4. Jaribuni kifaa cha pili. Kama simu ya mwanachama inapata intaneti kupitia rauta hiyo hiyo, basi rauta na kampuni hazina makosa. Shida iko kwenye kompyuta. Kama vifaa vyote vimekosa, angalieni rauta au bomba kubwa.

5. Sogezeni kompyuta karibu na rauta, au mwiunganishe kwa waya. Ikifanya kazi karibu na ikatae mbali, shida ni hewa. Mabati, wavu wa chuma, tangi la maji na kuta nene huzuia mawimbi. Wekeni rauta mahali pa juu, katikati ya nyumba, si ndani ya kabati la chuma. Rauta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kidogo. Yale ya 5 huenda kasi lakini huishia karibu. Kompyuta nyingi za zamani husikia yale ya 2.4 peke yake, kwa hiyo msishangae zikikosa kuliona jina la Wi-Fi ambalo simu mpya inaliona.

6. Tazameni tarehe kwenye kompyuta. Kompyuta kuukuu huwa na betri ndogo ndani ambayo ikifa, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa na kurudi miaka ya nyuma. Kurasa zenye ulinzi, kama za benki na za serikali, hukataa kufunguka kwa sababu hati zao za usalama zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Watu hufikiri mtandao umeharibika, kumbe ni tarehe tu.

7. Someni namba ya kompyuta. Kwa kompyuta za Windows, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni cmd, halafu katika dirisha jeusi andikeni ipconfig. Tafuteni mstari wa IPv4. Namba ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na rauta. Ikianza na 192.168, kwa kawaida imepewa. Kisha andikeni ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, intaneti inafika. Kama majibu yanarudi lakini kurasa hazifunguki kwa majina yake, basi kinachokosekana ni huduma inayogeuza majina kuwa namba, inayoitwa DNS. Yasiporudi kwenye kifaa chochote, mara nyingi shida iko upande wa kampuni. Ipigieni simu.

TATU: ULIZENI KWA UKAMILIFU

Mtandao ukiwa umekufa, tumieni simu ya mwanachama yenye data yake mwenyewe. Zimeni kwanza Wi-Fi ya simu hiyo, la sivyo itaendelea kushika rauta mbovu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu aliye mbali hawezi kuona taa zenu wala kugusa waya zenu. Maneno yenu ndiyo macho yake. Linganisheni maswali haya mawili.

La kwanza: "Saidieni, Wi-Fi yetu haifanyi kazi. Ni haraka sana!"

La pili: "Tuna rauta ya laini ya simu na kompyuta mbili za Windows. Tangu Jumatatu kompyuta moja haifungui ukurasa wowote. Nyingine pamoja na simu zinafanya kazi vizuri. Iliyokwama iko mita mbili kutoka kwa rauta, na namba yake inaanza na 169.254. Tumezima na kuwasha vyote viwili. Jumapili tuliweka programu mpya ya kuzuia virusi. Tujaribu nini sasa?"

La kwanza halijibiki. Atakayelisoma itambidi aulize maswali kumi, na wengi watalipita. La pili limemfungulia mgeni njia. Anajua stima iko, data iko, na umbali si shida. Anaona kwamba kompyuta haipati anwani, na kwamba kitu kipya kiliingia siku moja kabla. Atawaambia mwanzie kwenye ile programu mpya.

Kwa hiyo elezeni: ni vifaa gani mnavyo, mlitaka kufanya nini, kilitokea nini, kilianza lini, ni kitu gani kilibadilika kabla ya hapo, na mmeshajaribu nini. Kompyuta ikiandika maneno ya kosa, yanakilini kama yalivyo. Msiyatafsiri, maana mjuzi huyatambua kwa maneno yale yale.

Tena muwe na subira. Wanaojibu hawalipwi, na yule wa mbali pengine amelala wakati ninyi mnafanya kazi. Shida ikiisha, rudini mseme ni nini kilichoiponya, na mshukuru. Kikundi kingine chenye shida kama yenu kitasoma na kupona bila kuuliza.

NNE: JILINDENI

Kumwambia daktari unaumwa wapi si sawa na kumpa funguo za nyumba. Yako mambo ya kusema na mambo ya kuficha.

Mnaweza kusema: aina ya rauta na kompyuta, rangi za taa, maneno ya kosa, na namba zinazoanza na 192.168. Namba hizo hazimwonyeshi mtu mlipo. Zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na nyumba nyingi sana duniani zinazo zile zile.

Msiseme kamwe: neno la siri la Wi-Fi, neno la siri la kuingilia mipango ya rauta, PIN ya pesa za simu, namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, namba za vitambulisho, wala namba ya akaunti ya kikundi. Msitume picha ya kibandiko kilicho chini ya rauta, kwa sababu mara nyingi neno la siri limechapishwa pale. Mkipiga picha ya kioo cha kompyuta, hakikisheni daftari la hesabu halikufunguliwa nyuma yake.

Mtu mwema huwa haombi hayo, kwa sababu hayahitaji. Hizi ndizo dalili za mwizi:

- Anawapigia simu yeye kwanza, akidai kompyuta yenu ina virusi.
- Anawavuta mzungumze faraghani, mahali ambapo wajuzi wengine hawaoni anachosema.
- Anawaambia mweke programu ya kumwezesha kuongoza kompyuta yenu kutoka mbali. Mkikubali, ataona kila mnachokiona na kufungua kila mnachoweza kufungua.
- Anaomba "ada ndogo" kabla ya kusaidia.
- Anawaharakisha. Mwizi hapendi mshauriane.

Si kila ushauri mbaya hutoka kwa mwizi. Wengine wana nia njema lakini hawajui. Dawa ni moja kwa wote: mtu akiwapa jambo la kufanya msilolielewa, mwulizeni, "Hii itafanya nini, na tutairudishaje ilivyokuwa?" Ngojeni mtu wa pili akubali. Kisha badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati, na kabla ya kukibadilisha mwandike daftarini kilivyokuwa. Mkibadilisha vitano mara moja, hamtajua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoharibu. Na ushauri ukisema mwondoe neno la siri la Wi-Fi, mkataeni. Hiyo ni kuacha mlango wazi usiku kucha.

Yafaa kikundi kichague watu wawili wa kushughulikia mtandao, si mmoja. Mmoja akielekea kudanganywa, mwingine atauliza swali. Kompyuta ya kikundi hubeba majina, namba za simu na mikopo ya wanachama, na tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, inayomtaka anayeshika habari za watu azitunze.

Na kama mmeshadanganywa, msifiche kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zimeni rauta mara moja ili mwizi akatwe. Pigieni simu benki au kampuni ya pesa za simu mzuie akaunti. Badilisheni maneno ya siri mkitumia kifaa kingine, si kompyuta ile iliyoingiliwa. Waambieni wanachama wote, maana mwizi aweza kuwapigia akijifanya mweka hazina. Kisha mripoti polisi, mkiwa na namba na ujumbe alioutumia. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inawahesabu watu hao kuwa wahalifu kama wezi wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Rauta yetu inapata intaneti kwa laini ya simu, faiba au njia nyingine? Ni nani anayejua namba ya simu ya kampuni hiyo?

2. Neno la siri la rauta ni lile la kiwandani, au tulilibadilisha? Limeandikwa wapi, na ni nani analijua?

3. Ni wanachama gani wawili watakaoshika daftari la mtandao?

4. Mtandao ukikatika leo jioni, tutaanza na hatua gani?