Pikipiki yako inalala wapi?

UKIPITA mitaa ya pembezoni mwa Kahama, Shinyanga au Geita saa tatu usiku, utaona jambo ambalo sasa limekuwa la kawaida. Mlango wa mbele unafunguliwa wote, ubao unawekwa kwenye kizingiti, na pikipiki inasukumwa ndani hadi sebuleni, ubavuni mwa makochi. Kwa waliopanga chumba kimoja, inalala kati ya kitanda na mlango. Alfajiri inatolewa tena, na tone la oili linabaki sakafuni.

Desturi hii ina asili yake. Kabla pikipiki hazijaenea, abiria wa Shinyanga alibebwa kwa baiskeli, zile zilizoitwa daladala, na mwenye daladala yake aliilaza ndani kwa kuogopa wezi. Lakini baiskeli haina petroli. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda hubeba lita kama kumi tanki likijaa, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutokea dirishani kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kukusanyika chini, ambako ndiko liliko jiko la mkaa au kibatari. Koki iliyoachwa wazi na kabureta inayofurika vinatosha kukijaza mvuke chumba kidogo kilichofungwa. Anayewasha injini humo ndani ili ipate moto anaongeza kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Mbaya zaidi, chombo chenyewe kimeegeshwa kwenye mlango ambao kwa nyumba nyingi ndiyo njia pekee ya kutokea. Kwa hiyo mwenye pikipiki amemkwepa mwizi, lakini ameiweka hatari ya moto kati ya watoto wake na mlango.

Basi ilale nje? Inawezekana, ila nje nako kuna gharama zake, na hazifanani kila mahali. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi kirefu. Huko jua na vumbi ndivyo vinavyoharibu zaidi: ngozi ya siti hupasuka, matairi hupata nyufa pembeni, nyaya hukauka na kukatika. Siti ikishapasuka, mvua ya kwanza hulowesha sponji, na abiria hupanda juu ya mfuko wa nailoni miezi mitano. Geita, iliyo jirani na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi zaidi, na huko tatizo ni unyevu: cheni hushika kutu, vituo vya betri hufanya ukungu wa kijani, plagi hugoma asubuhi.

Kuna pia ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaootesha pamba na mpunga vizuri, hauibebi stendi ya pembeni. Ukinyesha usiku, stendi inazama na pikipiki inalala chini, tanki na kioo vikiwa vya kwanza kuumia. Tofali moja la kuchoma au kipande cha ubao chini ya stendi kinazuia hasara hiyo, na bado ni wachache wanaokiweka.

Wengi hudhani turubai la plastiki ndilo jibu. Plastiki iliyobana hadi chini huzuia mvua, lakini pia hufungia ndani mvuke unaopanda kutoka ardhini, na asubuhi ukiifunua utakuta chuma kimelowa kana kwamba kilinyeshewa. Mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja ni nafuu na inapitisha hewa, ingawa jua huichanachana upesi na vumbi lililonasa humo hukwaruza rangi. Lolote utakalotumia, liache wazi kwa chini, na usifunike kabla ekzosi haijapoa. Kivuli cha mwembe ni kizuri mchana, lakini usiku kuna kuku. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuiacha yake chini ya mwembe kwa wiki mbili, na kinyesi cha kuku kilikula rangi ya tanki hadi kikafikia bati. Mbuzi nao wasifungwe karibu, kwani mkojo wao haupatani na chuma.

Ninachoshauri ni banda dogo la kuegemea ukuta, upande wa chumba unacholala. Pikipiki ina urefu wa kama mita 2, na mikono yake haifiki upana wa mita moja. Chukua mabati 2 ya futi 10, uyakate katikati kila moja. Utapata vipande 4 vya mita 1.5, ambavyo vikipangwa kwa kupishana kidogo vinafunika karibu mita 3 za ukuta. Mteremko uelekee nje, mbali na msingi wa nyumba. Nguzo zipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini, kwa sababu ya mchwa. Kwenye udongo wa mbuga shimo la nguzo lijazwe moramu au kokoto, kwani udongo huo hutanuka masika na kunywea kiangazi, na nguzo huinama. Sakafu iinuliwe kwa moramu. Huko machimboni wapo wanaosawazisha sakafu kwa marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha oshwa dhahabu. Hiyo si salama, maana mchanga huo unaweza kuwa na zebaki au sianidi, na watoto hucheza humo.

Kufuli ya usukani peke yake haitoshi. Nondo iliyokunjwa na kuzikwa kwenye zege ukutani, mnyororo mnene unaopita kwenye fremu na gurudumu la nyuma, na kufuli isiyogusa chini (kufuli iliyolala juu ya sakafu hupigwa nyundo kirahisi), hivyo vinamfanya mwizi apige kelele. Ndiyo maana nasema ukuta wa chumba unacholala. Wazee wa Kisukuma hawakuweka zizi mbali na nyumba, na wizi wa ng'ombe ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni wilayani Kahama ambako Sungusungu walianzia.

Sasa gharama. Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei za kwake. Pikipiki imenunuliwa kwa shilingi milioni 3 na kutolewa kwa mkataba: dereva analeta shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 60, kisha pikipiki inakuwa yake. Mwenye mali atapokea shilingi milioni 3.6, yaani ziada ya shilingi 600,000 kabla ya bima na mengineyo. Ikiwa pikipiki itagoma siku moja tu kila wiki mbili, siku 30 zinapotea, nazo ni shilingi 300,000, nusu ya ziada yote. Si kila kugoma kunatokana na kulala nje, ni kweli. Tuseme banda litaokoa nusu tu ya siku hizo. Hizo ni shilingi 150,000, na ikiwa mabati, nguzo, misumari, saruji, mnyororo na kufuli vitagharimu kiasi hicho hicho, banda limejilipa kabla mkataba haujaisha, bila kuhesabu siti, matairi wala wizi.

Kwa nini basi mabanda haya ni machache? Kwa maoni yangu, tatizo haliko kwenye bati. Mwenye pikipiki anaishi kwake na hajui chombo kinalala wapi. Dereva amepanga chumba na pikipiki bado si yake, hivyo haoni sababu ya kujenga. Mwenye nyumba hana faida yoyote na banda hilo. Watu watatu, na kila mmoja anangoja mwenzake. Mikataba mingi husema kiasi cha kuleta na siku ya kuleta, lakini iko kimya kuhusu usiku. Chombo kikiibwa ndipo ugomvi unapoanza, na bima ndogo ambayo wengi hukata haimlipi mtu pikipiki iliyoibwa, kwani inamlinda yule aliyegongwa.

Mkataba ungeweza kuandika mahali pa kulaza pikipiki, nani ananunua vifaa, na nani anabeba hasara ikiibwa ikiwa imefungwa mahali hapo au nje ya hapo. Mwenye mali akinunua vifaa, anaweza kuvirudisha kwa kuongeza siku 15 za hesabu mwishoni. Kwa mwenye nyumba, dereva anaweza kuomba gharama ikatwe kwenye kodi na banda libaki pale akihama. Mpangaji ajaye naye huenda akawa na pikipiki.

Kwenye machimbo ya rashi hali ni ngumu zaidi. Kambi hujengwa kwa maturubai, hakuna ukuta wa kuegemea, na vumbi la makarasha linaingia kila mahali. Mawe mengi ya dhahabu ya ukanda huu yana salfa ndani yake, na vumbi lake likilowa hutengeneza tindikali inayokula cheni. Huko wenye pikipiki wachange pamoja: uzio mmoja, paa moja, mlinzi mmoja anayeandika namba za pikipiki zinazoingia na kutoka, na kila mwenye chombo apewe karatasi. Anayelipia ulinzi bila karatasi hana cha kudai asubuhi. Vumbi lifutwe kabla halijalowa, cheni isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa kisha ipakwe oili, na chujio la hewa likung'utwe kila jioni.

Kwa mkulima wa pamba, fedha ya banda hupatikana masoko yanapofunguliwa, kwa kawaida Mei au Juni. Nguzo zisimamishwe kabla ya Oktoba kwisha. Mvua ya Novemba ikishaanza, moramu haifiki tena uani, na fundi naye amekwenda shambani kwake.