Kigumba cha mshale: Kipande kidogo cha chuma kinachoamua jinsi mnyama atakavyokufa

MNAMO Mei 30, 2014, Satao, ndovu mashuhuri wa Tsavo Mashariki ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu. Wawindaji haramu walimkata uso wakatoweka na pembe hizo.

Huenda msomaji akajiuliza: mshale mwembamba humwangushaje mnyama wa tani kadhaa, ilhali hata risasi huhitaji kulengwa kwa uangalifu mkubwa? Jibu limo katika kigumba, yaani kile kichwa cha chuma kilicho kwenye ncha ya mshale. Mwindaji yeyote wa upinde hana budi kuchagua kati ya njia mbili: kigumba kinachoua kwa sumu, au kigumba kinachoua kwa makali.

Njia ya kwanza inajulikana sana hapa nchini. Wawaata, ambao pia huitwa Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde katika nyika za Tsavo na kandokando ya Mto Galana kwa vizazi vingi. Pinde zao zilikuwa nzito ajabu. Nyingi zilihitaji nguvu ya zaidi ya paundi 100, takriban kilo 45, kuzivuta. Hata hivyo, vigumba vyao vilikuwa vidogo.

Sababu ni kwamba kazi ya kigumba hicho si kukata bali kutoboa ngozi na kufikisha sumu kwenye damu. Sumu yenyewe hutokana na miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo magome na vipande vya mbao zake huchemshwa kwa saa nyingi hadi vitoe uji mweusi kama lami. Uji huo hupakwa nyuma ya kigumba kisha huviringishwa kwa ngozi nyembamba ili usikauke wala kumdhuru mwenye mshale. Kiini chake ni wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali. Huvuruga mfumo unaosawazisha chumvi katika seli za moyo, mapigo yakapotea mpangilio na hatimaye moyo ukasimama.

Sumu mbichi iliyofika mahali pazuri huua upesi. Lakini ikiwa imechakaa, au ikiingia kwa kiasi kidogo, mnyama hutangatanga na kidonda kinachooza, pengine kwa siku nyingi. Hapo ndipo penye ukatili wa njia hii.

Njia ya pili ndiyo inayofuatwa na wawindaji wa upinde walio na leseni katika nchi kama vile Marekani, Afrika Kusini na Namibia. Kwao sumu imepigwa marufuku karibu kila mahali, kwa hivyo kigumba hutegemea makali pekee. Ikumbukwe kuwa mshale hauna kishindo cha risasi. Huua kwa kukata mishipa ya damu na kutoboa mapafu au moyo. Wembe ulionolewa vyema hukata mshipa kwa usafi na damu ikaendelea kutoka. Makali butu huusukuma mshipa kando au kuuchana, na damu ikaganda haraka. Mnyama wa aina hiyo hukimbilia kichakani akiwa hai, akafe kwa mateso mbali na macho ya aliyemjeruhi.

Kwa jumla, vigumba hivyo ni vya aina tatu. Kwanza ni vile vya kipande kimoja cha chuma, ambavyo hunolewa kila vinapopoteza makali. Pili ni vile ambavyo nyembe zake hung'olewa na kubadilishwa. Tatu ni vile vya kukunjuka, ambavyo hufunga nyembe zake angani na kuzifungua vinapogusa mwili.

Aina hii ya tatu hupaa vizuri na kuacha jeraha pana. Kasoro yake ni kwamba nguvu fulani ya mshale hutumika kufungua nyembe hizo, na kikigonga mfupa au kuingia kwa mshazari kinaweza kukwama kabla ya kufika ndani. Kwa swala mdogo, kasoro hiyo si kubwa. Kwa nyati mwenye ngozi nene na mbavu pana zilizokaribiana, ni hatari kwa mnyama na kwa mwindaji pia.

Hii ndiyo maana wengi wanaowinda wanyama wakubwa huchagua kigumba imara cha kipande kimoja chenye makali mawili. Kila wembe unaoongezwa huzidisha msuguano na kupunguza kina cha jeraha. Mtafiti Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio mengi huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, alisisitiza kuwa mshale unaokusudiwa kuvunja mfupa mzito uwe na uzito wa angalau greni 650, takriban gramu 42, na kigumba chake kisipinde wala kukatika. Mshale mwepesi huenda kasi, lakini mzito ndio unaoendelea kupenya baada ya kukutana na kizuizi.

Sheria nazo huingilia uteuzi huu. Jimbo la Colorado nchini Marekani, kwa mfano, hutaka kigumba cha kuwindia wanyama wakubwa kiwe na upana wa angalau inchi 7/8, karibu milimita 22, na makali yasiyopungua mawili ya chuma. Uingereza nayo imekataza kabisa kuwinda wanyama wa porini kwa upinde.

Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mnamo 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba zaidi. Kwa Wawaata, mlango ulikuwa umeanza kufungwa mapema zaidi: Mbuga ya Tsavo ilipoanzishwa mnamo 1948, riziki ya mababu zao iligeuka kuwa kosa la jinai, na katika miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa na kufungwa.

Tofauti kati ya mwindaji huyo wa kale na aliyemuua Satao si kigumba wala sumu, kwani huenda vilifanana. Tofauti ni kwamba wa kwanza alifuata nyayo za mnyama wake hadi mwisho na jamii yake ikala nyama. Wa pili alichukua pembe, akaacha mzoga kwa tai.