Dawa za Miti na za Viwandani, Zote Zipimwe

Kila masika yanapoingia na mbu kuzidi, mabishano yale yale huzuka mijini na mashambani. Wako wasemao kwamba dawa ya malaria imo katika miti ya porini, na kwamba vidonge vya dukani ni biashara tu. Na wako wanaojiona wameelimika, ambao wakisikia habari ya majani hucheka na kuita jambo hilo ujinga wa kale. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimetoa hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa. Shahidi huyo ni maabara, na yafaa wasomaji wetu waelewe jinsi anavyotoa ushahidi wake.

Tuitazame China. Mwaka 1967 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako vita vya Vietnam vilikuwa vikipiganwa. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa Beijing, Bibi Tu Youyou, alikabidhiwa kikundi cha watafiti akiongoze. Walikusanya maagizo ya waganga wa kale zaidi ya 2,000, wakapima kiasi cha dawa 380 zilizokamuliwa katika mimea, wakiwapa panya walioambukizwa malaria. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, ambao Wachina huuita qinghao, ulizuia vimelea kwa asilimia 68. Lakini ulipopimwa tena ukashuka hata kati ya 12 na 40.

Mtu mwenye pupa angeutupa. Bibi Tu alirudi vitabuni, akaona kwamba mganga Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, hakuagiza majani yachemshwe, bali yarowekwe majini kisha yakamuliwe. Akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la digrii 35 tu, chini ya joto la mwili wa binadamu. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliwaondolea panya vimelea vyote pasibaki hata kimoja. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza, kuhakikisha kwamba haina madhara, ndipo wakapewa wagonjwa 21. Hiyo ndiyo asili ya artemisinini, na mwaka 2015 Bibi Tu akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu wengi huisimulia nusu. Hutwambia kwamba dawa ilitoka katika mti, nao husema kweli. Husahau kwamba mti ule ule, ulipoandaliwa vibaya, ulikaribia kukataliwa. Ndiyo maana hatukubaliani na ndugu zetu wanaouza chai ya artemisia kuwa tiba ya malaria. Kiasi cha dawa katika majani hubadilika kwa mbegu, kwa udongo na kwa namna ya kukausha. Mnywaji hajui amepata kiasi gani, na kiasi kidogo huwafundisha vimelea kuizoea dawa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba haliungi mkono matumizi hayo.

Kazi yenyewe ya kupima haina miujiza. Mwaka 1976, mjini New York, William Trager na James Jensen walifaulu kuvifuga mfululizo vimelea vya malaria ya binadamu ndani ya damu iliyo chomboni. Walifunika vyombo vyao pamoja na mshumaa unaowaka, nao ulipozimika hewa ya ndani ikawa imepungua oksijeni, jambo ambalo vimelea hulipenda. Tangu hapo dawa yoyote, iwe ya mti au ya kiwandani, yaweza kutiwa katika damu hiyo kwa nguvu mbalimbali, ikaandikwa ni nguvu ipi iliyopunguza vimelea kwa nusu. Kisha dawa ile ile hutiwa juu ya chembe hai za binadamu, kwani sabuni nayo huua vimelea, na hatumpi mgonjwa sabuni anywe.

Ikipita hapo huenda kwa panya. Na hapa wako wachache wajuao kwamba vimelea vinavyotumika sana, Plasmodium berghei, vilipatikana Katanga mwaka 1948, katika panya wa vichakani. Panya walioambukizwa hupewa dawa kwa siku 4, kisha damu yao hutazamwa kwa hadubini na kulinganishwa na ya wenzao wasiopewa kitu. Mwarobaini, tulioupa heshima ya maradhi arobaini, ukifika maabarani huulizwa ugonjwa mmoja tu, na kwa kiasi gani. Na ni lazima uulizwe, kwa maana mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Wala dawa za viwandani hazina msamaha. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikadhaniwa kuwa na sumu mno, ikawekwa kando. Ni katika Vita Kuu ya Pili ndipo Wamarekani walipoipima upya wakaona inafaa. Mwaka 2010 kampuni ya GSK ilitangaza kwamba imepima kemikali karibu milioni 2 katika maabara yake ya Tres Cantos, Hispania, ikapata 13,533 zinazozuia vimelea. Nyingi za namna hiyo hazifiki kwa mgonjwa.

Haja ni kubwa kwetu. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini ikashika SP. Mwaka 2006 nayo SP ikaachwa, tukaingia katika dawa mseto ya ALu, yenye asili ya pakanga ile ile. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Karagwe, mkoani Kagera, yaliyothibitisha kwamba vimelea vya huko vimeanza kuchelewa kufa kwa artemisinini, kama ilivyokwisha kuonekana Rwanda na Uganda. ALu bado iliwaponya wagonjwa, na mtu asiiache; lakini dalili ni ile iliyotangulia kila dawa iliyotuponyoka.

Kwa hiyo twaona yapasa kazi ya kupima miti yetu, iliyoanza Muhimbili tangu mwaka 1974, ipewe fedha za kudumu badala ya kungojea hisani ya wafadhili. Mganga anayeonyesha mti aandikiwe mkataba kabla ya jani kuchumwa, ajue haki yake pindi dawa ikipatikana. Na mti ukishindwa, matokeo yachapishwe vile vile, ili mtafiti wa Kisumu asipoteze mwaka mzima akikamua majani ambayo mwenzake wa Dar es Salaam amekwisha kuyapima.