Ndege za Umeme na Miundombinu Yake Ardhini: Mambo ya Kufahamu kwa Wakazi wa Njombe na Makambako

Habari za teksi za angani zinazotumia umeme zimeenea katika simu na vijiwe vya mazungumzo, nazo zimezua maswali miongoni mwa wananchi. Je, zitafika Njombe? Nani atatoa ardhi ya kituo? Je, bei ya umeme wa nyumbani itapanda? Je, ni salama kununua hisa au kulipia tiketi mapema? Hadi tunapoandika makala haya, hakuna huduma ya kibiashara ya kubeba abiria kwa teksi za umeme za angani nchini Tanzania. Hata hivyo, tumeona ni vyema mtumiaji wa huduma ajiandae kwa maarifa kabla hajafuatwa na mtu mwenye mkataba wa kutia sahihi.

Ndege hizi ni zipi?

Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hupaa na kutua wima kama helikopta, hubeba abiria wachache na hukusudiwa safari fupi. Hizi ndizo zinazoitwa teksi za angani. Aina ya pili hukimbia kwenye njia ya kurukia kama ndege za kawaida, nayo hukusudiwa safari za kati ya mikoa.

Teknolojia hii si ndoto, lakini bado ni changa. Ndege ya kwanza ya umeme mtupu kupewa cheti cha aina barani Ulaya, Velis Electro, ilithibitishwa Juni 2020. Ina viti viwili tu, nayo hutumika zaidi kufundishia marubani. Oktoba 2023 mamlaka ya anga ya China ilitoa cheti kwa EH216-S, chombo cha abiria wawili kisicho na rubani ndani yake. Nchini kwetu, mwaka 2018 droni ya umeme ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60 uliosafiriwa kwa takribani dakika 40. Jaribio hilo lilionesha manufaa, ila kubeba dawa na kubeba binadamu ni mambo mawili yenye viwango tofauti kabisa vya usalama.

Kwa nini kazi kubwa iko ardhini?

Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati ya takribani uniti 12 za umeme. Kilo moja ya betri hubeba robo ya uniti hivi. Ingawa mota ya umeme hupoteza nishati kidogo kuliko injini ya mafuta, pengo hilo bado ni kubwa. Matokeo yake ni kwamba ndege ya umeme huruka masafa mafupi, kisha huhitaji kuchajiwa haraka ili iendelee na kazi. Bila kituo cha kuchajia, ndege hiyo haina safari ya kurudi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ndege yenye betri ya uniti 300 ikitakiwa kujazwa kwa nusu saa, itahitaji nguvu ya kilowati 600. Transfoma nyingi za mitaani ni za kilovolti-ampia 50, 100 au 200. Kwa hiyo chaja moja tu ingehitaji nguvu inayotosha mitaa kadhaa. Kituo cha namna hiyo hakiwezi kuunganishwa kwenye laini ya mtaa. Kinahitaji laini yake ya msongo wa kati, transfoma yake, na pengine betri kubwa za ardhini zinazojazwa polepole ili kutoa umeme kwa kasi ndege inapofika.

Hapa Makambako ina nafasi nzuri. Mji huu una kituo kikubwa cha kupozea umeme, na kutoka hapo ndipo inapoanzia njia ya msongo wa kilovoti 220 inayopita mkoa wa Njombe hadi Songea. Pia ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na barabara ya Songea, na ni stesheni ya TAZARA. Njombe, kwa upande wake, ina kiwanja kidogo cha ndege mjini.

Je, safari zetu zinafaa?

Kwa mstari ulionyooka, Makambako na Njombe zimeachana kwa kilomita zipatazo 50. Teksi ya angani inaweza kumudu umbali huo, lakini basi dogo hulifanya jambo hilohilo kwa lami na kwa nauli ambayo mwananchi anaimudu. Kutoka Njombe hadi Songea au hadi Kiwanja cha Songwe ni zaidi ya kilomita 150. Teksi nyingi za angani hutangazwa kwa umbali usiozidi kilomita 160 hivi, na ndege yoyote lazima ibakize akiba ya nishati kwa dharura. Kwa hiyo safari hizo zingefaa zaidi ndege za umeme za mikoa, ambazo bado zinaendelezwa.

Mwinuko nao una neno lake. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo chombo kinachopaa wima hutumia nguvu zaidi kuliko pwani. Baridi ya Juni hadi Agosti hupunguza uwezo wa betri, na ukungu huzuia kuona. Mtu akikuonesha picha ya teksi ikiruka mji wa pwani wenye joto, muulize: imejaribiwa katika mwinuko na baridi kama ya kwetu?

Ardhi yako na miti yako

Eneo la kutua linaweza kuwa dogo, lakini athari zake huvuka uzio. Njia za kuingilia na kutokea angani lazima ziwe wazi, hivyo urefu wa majengo na miti jirani huwekewa mipaka. Mkulima wa misindano au mikaratusi anaweza kubaki na shamba lake, lakini akazuiwa kuacha miti ikue hadi kimo cha kuvunwa kwa mbao. Swali la urefu unaoruhusiwa liulizwe mapema, na jibu litolewe kwa maandishi, pamoja na ramani.

Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 humpa mwenye ardhi haki ya fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia hiyo huzingatia bei ya soko ya ardhi, majengo, mazao na miti, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi pale zinapostahili. Shiriki uthamini, hakikisha kila mti umehesabiwa, na ubaki na nakala ya fomu uliyosaini.

Endapo anayetaka ardhi ni kampuni binafsi, hayo ni makubaliano, wala si amri. Katika ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Usikubali kuambiwa kwamba "mradi umeshapita" pasipo kuona muhtasari wa mkutano huo.

Bei ya umeme

Bei za umeme huidhinishwa na EWURA, nazo hupangwa kwa makundi. Mtumiaji mkubwa huwa katika kundi lake, na hulipia pia kilele cha nguvu anayoitumia, si uniti peke yake. Kituo cha kuchajia ndege hakiwezi kuingizwa katika kundi moja na nyumba yako. EWURA inaposhughulikia maombi ya kubadili bei, wananchi hukaribishwa kutoa maoni. Hudhuria na uulize gharama za laini mpya zitabebwa na nani.

Usalama

Betri ya lithiamu ikishika moto, huweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Huhitaji kupozwa kwa maji mengi, na eneo la kuitenga ndege au betri iliyoharibika. Kituo kisicho na maji ya kutosha wala mpango uliokubaliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hakijawa tayari, hata kama jengo lake linapendeza. Cheti cha chombo, cha mwendeshaji na cha kiwanja ni vitu vitatu tofauti, navyo vyote huhusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Fedha yako

Kampuni mashuhuri za sekta hii zimeanguka. Lilium ya Ujerumani iliingia katika ufilisi Oktoba 2024. Volocopter, iliyokuwa imekusudia kubeba abiria wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024, haikufanikiwa kufanya hivyo, na Desemba mwaka huohuo iliomba hifadhi ya ufilisi. Ikiwa kampuni zenye mtaji mkubwa zimepatwa na hayo, mwananchi anapaswa kuwa mwangalifu maradufu.

Tunakushauri ufanye yafuatayo:

1. Usilipie tiketi, kiti wala uanachama wa huduma ambayo haijapewa leseni.
2. Ukiuziwa hisa, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama toleo hilo limeidhinishwa.
3. Usitie sahihi mkataba wa ardhi siku ileile unapoletewa. Usome, uutafsiriwe ikiwa haumo katika Kiswahili, na umwoneshe mwanasheria au afisa ardhi.
4. Tunza risiti, ujumbe wa simu na matangazo. Hivyo ndivyo ushahidi wako.
5. Ukiwa na lalamiko, anza kwa mtoa huduma kwa maandishi. Usiporidhika, nenda kwa mdhibiti husika. Tangazo la udanganyifu lifikishe Tume ya Ushindani.

Maendeleo ya usafiri yanakaribishwa, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayahitaji. Lakini huduma inayostahili imani yako haitaogopa kukuonesha leseni, ramani na mkataba. Ulizia hivyo vitatu kwanza, ndipo ufungue mkoba.